Seva Yako Inaongea na Nani Usiku?

Wasee, leo sina utani mwingi. Kuna kitu imenikaa kooni tangu mwaka jana na leo naitema. Najua madevelopa kadhaa wa hapa Kisii watakasirika. Kasirikeni tu. Na kama unataka kunikumbusha kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu juu ya karo na sina digrii, umechelewa, mathee alishaniambia, na anasema vizuri kukuliko.

Maneno ni hii. Tunajenga programu, tunaweka paswadi, tunaweka kufuli, tunaangalia nani anaingia. Hakuna mtu anaangalia ni nini inatoka. Hata supamaketi hapa mjini ukitoka na soda ya shilingi hamsini, askari anakusimamisha mlangoni akague risiti. Lakini seva yenye majina na namba za simu za watu mia tano inaweza kutuma kila kitu Urusi saa tisa usiku na hakuna mtu wa kuiuliza "wewe, unaenda wapi na hiyo?"

Najua juu ilinitokea. Wacha niseme yote, aibu nilishaimaliza.

Kulikuwa na chama cha kina mama upande wa Nyamira, si mbali na Kebirigo. Wanachama 43. Walikuwa wanaandika michango kwa daftari ya kurasa 200 yenye imechakaa, na kila mkutano kuna mtu anasema alilipa na daftari inasema hakulipa. Mimi nikajitolea. Nikawajengea kamfumo: mchango unaingia kwa M-Pesa, kila mtu anapata SMS, mikopo inaonekana, aliyechelewa anaonekana. Nikakodi seva ya bei ya chini huko nje, nikaiweka hapo. Nilijiona mkubwa sana, manze. Ningepita Daraja Mbili siku ya soko na kichwa juu, nikijiambia hawa watu hawajui wanapitana na nani.

Na usalama niliweka, usidhani sikuweka. Paswadi ndefu. Funguo za kuingilia badala ya paswadi pale kwa seva yenyewe. Ngome ya ufw iko on, poti zote zimefungwa isipokuwa zile zinahitajika. Ungeniuliza hiyo wiki, ningekuambia iko fiti kabisa.

Mwezi wa tano nikapata barua pepe kutoka kwa wenye kukodisha seva: mashine yako inatuma trafiki nyingi isiyo ya kawaida, rekebisha ama tunaizima. Nikaingia. Nikapata programu moja sijawahi kuiweka, imekula prosesa yote, inachimba sarafu za kidijitali za mtu mwingine kwa pesa yangu. Na pembeni yake kuna nyingine ndogo, kimya, inaongea na anwani siijui. Walikuwa wamepitia laibrari moja ya zamani yenye nilisahau kuisasisha. Nilipanik. Nikafuta seva yote ndani ya saa moja, nikaanza upya kutoka kwa bakapu. Hiyo ya kufuta ilikuwa makosa ya pili, na nitawaambia kwa nini.

Jumamosi nikaenda mkutanoni kuwaeleza. Ningeweza kunyamaza, lakini wale ni watu wa kwetu, mmoja wao alinifunza Sunday School. Nikaeleza polepole, bila maneno magumu, kwamba mwizi aliingia kwa mfumo na nimemfukuza. Mwenyekiti akasikiza mpaka mwisho. Halafu akaniita "tata", vile mamaa zetu huita vijana wao, akauliza: "Tata, mwizi aliingia, tumesikia. Aliondoka na nini?"

Sikuwa na jibu.

Nilikuwa na orodha ya kila mtu aliyewahi kugonga mlango wa ile seva, mpaka roboti za Uchina zinazojaribu paswadi kila dakika. Ya vitu vilivyotoka? Sifuri. Sikuwa nimeweka kitu ya kurekodi, na ushahidi kidogo wenye ulikuwa hapo niliufuta mwenyewe kwa mikono yangu. Nikasema "sidhani walichukua kitu." Sidhani! Nilikuwa naongea na watu wameweka kwangu namba za vitambulisho, namba za simu, na kile kitu kikubwa kuliko vyote, nani amekopa na nani ameshindwa kulipa. Kwa kijiji, hiyo ni siri nzito kuliko kitambulisho. Kitambulisho kikijulikana utaenda kulalamika kwa chifu. Deni likijulikana, utabadilisha njia ya kwenda sokoni.

Sasa shika hesabu hii, juu ndiyo inaniuma. Ile seva ilihitaji kuongea na nani nje? Daraja, ile API ya Safaricom ya malipo. Kampuni moja ya kutuma SMS. Na mahali Ubuntu inachukua masasisho yake. Basi. Sehemu tatu. Lakini ilikuwa na ruhusa ya kuongea na dunia nzima. Mwizi hakuhitaji kuvunja chochote ili atoke. Nilikuwa nimemwachia mlango wa nyuma wazi na taa imewashwa.

Na mimi sikuuacha wazi kwa makusudi. Unakuja hivyo kutoka kiwandani. Ukiwasha ufw kwa Ubuntu, mpangilio wake wa kwanza ni huu: kuingia, kataa, kutoka, ruhusu. Ukienda AWS ukaunda kikundi cha usalama, kinakuja na sheria ya kuruhusu trafiki yote ya kutoka. Kubernetes, bila sera yoyote uliyoweka, kila podi inaweza kwenda popote. Kila kifaa chenye tunafunzwa kimeamua kwamba hatari huja tu kutoka nje. Na video zote za mafunzo, pamoja na mbili zenye nilifanya mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, zinaishia hapo.

"Hiyo ni seva moja ya kijana mmoja mshamba," utasema. "Wakubwa wako na vitu zao."

Haya, twende kwa wakubwa. Mwaka jana nilipata kibarua cha miezi mitatu kwa kampuni changa Nairobi, siitaji jina. Hao hawakuwa na seva moja, walikuwa na huduma ndogondogo 17 ndani ya Kubernetes, na juu yake wakaweka Istio, yaani ule wavu wa huduma wenye watu wa kompyuta huuita sevisi meshi. Kama hujawahi kukutana nayo, fikiria matatu. Programu ni abiria. Kila abiria anapewa makanga wake wa kumtembeza, na huyo makanga ni proksi inayoitwa Envoy. Abiria haongei na barabara moja kwa moja, kila kitu anapitishia kwa makanga: nani anakwenda kwa nani, kwa kasi gani, na kama ujumbe umefungwa usisomwe njiani. Istio ilitangazwa mwaka 2017 na Google, IBM na Lyft, na Envoy ilitoka Lyft. Ni kitu safi, siipondi.

Kwa sababu kila safari inapitia makanga, Istio ni mahali pazuri sana pa kuuliza swali la yule mama. Kuna mpangilio mmoja tu, unaitwa outboundTrafficPolicy, na una hali mbili. REGISTRY_ONLY ni makanga mwenye orodha ya steji; steji haiko kwa orodha, hakuna safari. Unaongeza steji mpya kwa kuandika ServiceEntry: jina la huduma ya nje, poti yake, kwisha. ALLOW_ANY ni makanga wa Probox ya usiku. Popote unataka, panda.

Ile kampuni ilikuwa na gani? Si mnajua. Na hapo tena, hivyo ndivyo inakuja. Matoleo ya kwanza ya Istio yalikuwa yanazuia safari za nje mpaka uziruhusu. Toleo la 1.1, Machi 2019, likageuza: ruhusu zote. Naelewa, mtu akiweka kifaa kipya na programu zake zote zikakatika siku ya kwanza atakitupa. Lakini kilichofanywa ili mgeni asiogope siku ya kwanza kimebaki hivyo kwa watu wako mwaka wa nne na wanashika pesa za watu.

Nikauliza swali la kijinga kwa mkutano: hizi huduma 17, ni zipi zinahitaji kutoka nje, na zinaenda wapi? Kimya. Kila mtu anaangalia mwenzake kama darasani mwalimu akiuliza nani alipiga kelele. Nikaomba ruhusa ya kuangalia tu, nisiguse. Istio ikiwa kwa ALLOW_ANY, safari za kwenda mahali haijui inaziandika kwa jina la PassthroughCluster, na kwa logi za Envoy unaweza kuona jina la seva yenye iliitwa. Nikaziwasha, nikangoja wiki mbili. Zikatoka sehemu kumi na moja. Saba zilieleweka. Nne hakuna mtu aliweza kueleza. Moja ya hizo nne ilikuwa huduma ya takwimu ya nje yenye ilikuwa inapokea namba za simu za wateja kila mtu akifungua app. Aliiweka mwanafunzi wa atachi, akamaliza miezi yake mitatu, akaenda. Namba zikabaki zinaenda.

Hakuna mwizi hapo. Hakuna aliyevunja kitu. Hicho ndicho huwa nawaambia watu wanaofikiri hii ni maneno ya hacka wa sinema na kofia nyeusi. Mara nyingi anayetoa vitu vya wateja wako nje ni laibrari yenye mlisahau.

Nikaandika ripoti kurasa mbili. Nikaambiwa "tutaangalia baadaye, sahii tunasukuma fichaz." Kibarua kikaisha. Hiyo baadaye sijawahi kusikia kama ilifika.

Na usiniambie ati ni mambo madogo. Equifax, kampuni ya Marekani inayoshika rekodi za mikopo za watu, ilivamiwa mwaka 2017. Watu karibu milioni 147. Wezi walikaa ndani siku 76. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua trafiki, lakini cheti chake kilikuwa kimepitwa na muda kitambo, kwa hivyo kilikuwa kimesimama hapo kama askari amelala kwa kiti. Siku waliweka cheti kipya, mwisho wa Julai, wakaona mara moja. Siku hiyo hiyo! Shida yote hiyo muda wote ilikuwa inapita mbele ya macho yenye yamefungwa.

Ama Log4Shell, Desemba 2021. Nusu ya dunia ya Java ilikosa usingizi. Unajua ilifanyaje? Mshambuliaji anaandika kamaneno fulani mahali programu itakaandika kwa logi, kwa jina la mtumiaji hivi. Programu ikikasoma, inatoka YENYEWE nje kwenda kwa seva ya mshambuliaji na kuchukua msimbo wa kuendesha. Soma tena hapo. Inatoka yenyewe. Seva yenye haina ruhusa ya kwenda popote ingebaki inagonga ukuta. Haingekuwa salama kabisa, DNS bado ingeweza kupenyeza kitu kidogo, lakini kati ya kupoteza jino na kupoteza kichwa utachagua nini?

Sasa kwa wale wanaojua Istio na wananingoja nikosee: naam, naijua hiyo. REGISTRY_ONLY pekee yake haitoshi. Nyaraka za Istio zenyewe zinasema wazi kwamba programu iliyotekwa inaweza kumruka makanga. Ni kama kizuizi cha ushuru wa kaunti barabarani. Lori la ndizi linalopita barabara kubwa litalipa. Lenye linajua njia ya panya nyuma ya shule halitakutana na wewe. Keroka kwenyewe Kisii na Nyamira zimevutana miaka nani achukue ushuru, na bado mwenye njia ya panya anacheka wote wawili. Kwa hivyo unafanya vitu viwili pamoja. Unaweka lango moja la kutokea, egress gateway, ambapo safari zote za nje zinapita na zinaandikwa. Halafu unaziba njia za panya chini kabisa kwa NetworkPolicy ya Kubernetes: podi yoyote isiyo lango hairuhusiwi kutoka. Na hakikisha mtandao wa klasta yako unatekeleza hizo sera, kama Calico ama Cilium, juu kuna mitandao ambayo itapokea faili yako, iseme asante, na isifanye kitu.

Itavunja vitu? Itavunja. Siwadanganyi. Nilipofunga ile seva mpya ya chama, nilisahau kuruhusu DNS, na dakika arobaini hakuna kitu ilijua jina la kitu. Halafu SMS zikakataa juu kampuni ya SMS ilikuwa na anwani mbili na mimi niliandika moja. Mama mmoja akanipigia kuuliza kwa nini mchango wake haujaitikiwa. Hizo ndizo gharama. Siku moja ya kusumbuka. Na kila kilichovunjika kilinifunza kitu sikujua kuhusu programu nimeandika MWENYEWE.

Ile sababu ya "hii ni ya makampuni makubwa" ndiyo inanichekesha zaidi. Kampuni kubwa ina sehemu mia nane za kuongea nazo nje, kuandika hiyo orodha ni kazi ya mwaka. Wewe na duka lako la mtandaoni hapo Nyanchwa mko na tatu. Nne ukihesabu ramani. Wadogo ndio wako na kazi rahisi, na wadogo ndio hawafanyi.

Kuna pingamizi moja lenye naliheshimu. Rafiki yangu aliniuliza: wewe si ndiye ulipiga kelele Telegram ilipozimwa? Ndiyo, nilipiga. Novemba 2023 ikakwama wakati wa KCSE, Novemba 2024 tena, nchi nzima ikaadhibiwa juu ya watu wanaouza karatasi za mtihani. Na Juni 25, 2024, siku vijana waliingia Bunge, intaneti ilianguka na tukaambiwa ni kebo za baharini. Sijasahau. Sasa leo nawaambia mfunge milango ya kutoka, si ni kitu kimoja?

Si kimoja. Angalia nani ameshika ufunguo na vitu ni vya nani. Simu yangu ni yangu, maneno yangu ni yangu, na serikali ikinifungia njia inanifunga mdomo. Seva ya chama imeshika vitu vya watu wengine. Nikiifungia njia za kutoka sinyamazishi mtu, nalinda mali nimeachiwa. Mwenye kubeba pesa za mazishi kwa mfuko hawezi kusema uhuru wake wa kupita baa umeingiliwa.

Na kuna sheria, kwa wale hawasikii mpaka wasikie faini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data za watu zikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao, unamweleza Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Utamwandikia nini kama hujui ni nini kilitoka? "Sidhani"? Septemba 2023 ofisi hiyo ya Immaculate Kassait iliipiga Mulla Pride, kampuni ya app za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, juu ya kutumia namba za watu zilizopatikana kwa wengine kuwatumia jumbe za vitisho na simu. Hivyo ndivyo namba hutumika zikishatoka. Wengi wenu mnakumbuka ule msimu ambapo ukikopa elfu mbili, mjomba wako, pasta na eks wako wanapigiwa simu. Anwani zilitoka kwa simu zetu na hakuna kitu iliuliza zinaenda wapi. Ile kitu ilipunguza kwa kiasi kikubwa ni Google kufunga bomba: kuanzia Mei 31, 2023, app ya mikopo kwa Play Store hairuhusiwi kusoma anwani za simu yako. Matusi hayakuwa yamezuia. Kufunga kulisaidia.

Kwa hivyo kama una seva inakimbia sahii, ya duka, ya sacco, ya shule, ya kanisa, usifunge chochote leo. Andika tu ss -tnp, enter, na uangalie inaongea na nani wakati huu. Kama uko kwa Istio, tafuta PassthroughCluster. Chukua karatasi, andika kila jina, na mbele yake andika kwa nini. Yale utashindwa kuandikia sababu, niletee hapa kwa maoni, ukificha anwani za watu tafadhali. Jumapili jioni narekodi video nikifunga seva moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na dakika zangu arobaini za DNS zitakuwa ndani, sizikati.

Chama bado kiko na mimi, kama mlikuwa mnajiuliza. Walipiga kura. Ilikuwa 24 kwa 19, na mwenyekiti alipiga ya kunifukuza. Sasa kila mwisho wa mwezi namtumia orodha ya mahali mfumo wao umeongea nao, majina matatu, kwa SMS. Hajawahi kujibu hata moja, lakini mwezi wa nne nilichelewa siku mbili na akanipigia simu.